Maelekezo kwa Sikudhani, Kutoka Usukanini

Kwanza simama hapa gatini, nigeuzie mgongo.
Usiulize kwa nini.
Umeona? Nimekusukuma, na mguu wa kushoto
umetangulia wenyewe, haukuomba ruhusa.
Basi huo ndio wa mbele.

Ubao huu aliuacha mhandisi mmoja aliyehama Masaki.
Alibeba friji, akabeba mbwa,
akausahau nyuma ya tangi la maji.
Kiatu cha nyuma kilikuwa kimechanika. Chande, fundi wa Mwenge,
alikishona kwa raba ya tairi na uzi wa nailoni,
akaniuliza, "Kwani mwenyewe ana mguu mmoja?"
Kiloweshe kabla ya kuvaa, tia sabuni ya maji kidogo,
kibane kama shangazi mwenye habari anavyokubana mkono:
usiumie, ila usichomoke.
Pezi la chini usiliguse. Nililegeza skrubu siku moja,
unywele tu, ubao mzima ukawa mtu mwingine.

Saa kumi na mbili na nusu, Ghuba ya Msasani
ni sahani iliyokwisha kufutwa.
Saa tatu upepo huja kufungua duka.
Foleni ya Morocco si udhuru.

Madumu sita ya mafuta ya kula, tumeyapaka rangi ya chungwa,
matatu huku, matatu kule.
Utapita nje ya kila moja, kama mtu anayekwepa wadai
wanaokaa pande zote mbili za mtaa.

Magoti yalegee.
Mikono inyooke, mpini ukae usawa wa kiuno.
Usiuvute kifuani, si mtoto huyo.
Nikikaza mwendo utatamani kukaa.
Usikae. Kiti hakipo.
Egemea upande usio wa boti,
nikatae kwa mwili mzima, na mpini usiuachie.
Kukataa huku umeshikilia:
wewe wa mapokezi hospitalini, hilo hufundishwi.

Matuta mawili ya povu nyuma ya injini
si kama yale ya barabarani, hayakutaki upunguze.
Yavuke umekaza, ndipo ulegeze,
ubao ubadili ubavu kwa hiari yake.
Na dumu usilitazame. Ukilitazama, utaligonga.

Kamba ni mita kumi na nane na robo.
Ukiyapita yote sita, sikupi zawadi: naikata.
Ukiyapita tena, naikata tena.
Sijui mchezo mwingine
ambao sifa ya mtu ni kupunguziwa.

Jumanne ulipita la kwanza, ukapita la pili,
la tatu ukalitazama.
Hozza akainua bendera.
Uliibuka na maji puani, unacheka, jaketi limekupanda masikioni,
ukaniuliza, "Wewe ulianguka mara ngapi
ndipo ukajua?"
Nikajifanya nasikiliza injini.

Sikudhani, mimi sijawahi kupanda ubao.
Miaka kumi na mitatu nimewasoma watu katika kioo hiki
kipana kama sinia.
Najua bega linaloogopa kabla mwenyewe hajaogopa.
Najua nani atarudi kesho na nani ataniambia ana mafua.
Nikigeuka nikutazame kwa macho, kulia kwako
kunahamia kushoto, nami napotea.
Kiooni tu ndiko kulia kunakobaki kulia.
Maji ya huko nyuma ni baridi au vuguvugu, sijui.
Niambie wewe siku moja, lakini si leo,
leo petroli ni ya kukopa.

Haya. Kamba imenyooka.
Ukiwa tayari, sema "twende", sema kwa sauti.
Usitikise kichwa:
kwa mbali hivi, kichwa kinachokubali
na kinachokataa hufanana.